Imekaguliwa na Mama

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Na kwa majirani zetu wa salamu nyingine, shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Shehe wetu, wazee wangu wa mtaa, mama zangu mlioko uani, na hasa ninyi wazee wa reli mliopanda basi alfajiri kuja kumsomea hitima mwenzenu, baba yetu, Mwenyezi Mungu awalipe. Siku arobaini zimetimia. Ndugu zangu wamenisukuma mimi niseme, na si kwa sababu najua kusema. Dada yetu mkubwa akishika maiki atalia, na hawa watatu wadogo watagombana nani alipendwa zaidi. Mimi ni fundi umeme, nimezoea kuongea na ukuta.

Sikuandika hotuba, ila nimekuja na karatasi. Mliokaa mbele mnaiona, wa nyuma mtaiona baadaye. Ni ramani ya nyumba hii mliyokalia kibaraza chake. Milimita 594 kwa 841, skeli moja kwa hamsini, wino mweusi juu ya karatasi ya kutresi, ile inayopenyeza mwanga. Baba aliichora mwenyewe baada ya kurudi kutoka Nairobi, na amekuwa akiirekebisha kwa zaidi ya miaka arobaini. Tulipofungua kabati lake tulikuta suti moja, kanzu nne, na hii ndani ya bomba la bati lililoandikwa: MIKONO MIKAVU TU.

Wengi mlimjua kama mzee wa miwani anayewahi safu ya mbele. Kazi yake wachache waliielewa. Mtu akiuliza, "Baba yako anafanya kazi gani?" nikijibu "Mchora ramani," anauliza ramani ya hazina iko wapi. Injinia anakuja na hesabu zake kwenye vikaratasi, fundi yuko saiti anasubiri, na katikati yao yupo mtu ameinamia meza kuanzia asubuhi, rula ya T mkono wa kushoto, kalamu mkono wa kulia. Daraja likisimama, watasifiwa injinia na waziri aliyekata utepe. Likipinda, wataanza kuuliza nani alichora.

Alikuwa na harufu mbili. Ya kwanza ni poda. Karatasi ile ikiguswa na mkono wenye jasho au mafuta, wino haukamati, kwa hiyo waliipaka poda kidogo na kuipangusa kabla ya kuchora. Ya pili ni amonia, ya mashine ya kutolea nakala. Akishuka kwenye treni mwisho wa mwezi, sisi tulimnusa kabla ya kumwona.

Kalamu zake zilikuwa na ncha kama sindano, kila unene na rangi yake kwenye shingo: milimita 0.35 njano, 0.5 kahawia, 0.7 buluu. Kuta za nyumba ni 0.7, milango 0.35. Ikawa lugha ya nyumbani. Uji ukiwa mwepesi anasema, "Huu wa njano, mimi nataka wa buluu." Wageni walidhani mzee ana matatizo ya macho.

Na mnajua ile tatu yake. Wenye madeni ya dukani mnaijua zaidi. Baba hakuandika tatu ya mviringo hata siku moja, aliandika ya bapa, juu imenyooka kama paa la kibanda. Alipokuwa mwanagenzi, siku zile za futi na inchi, aliandika dirisha la futi mbili na inchi tatu. Seremala akasoma inchi nane. Zikaja fremu kumi na mbili, kila moja imezidi tundu lake kwa inchi tano. Hakumsingizia seremala. Alisema, "Mimi ndiye niliyeandika tatu inayofanana na nane." Kuanzia hapo tatu ikawa bapa, nasi sote watano tukafundishwa hiyo hiyo. Mdogo wangu alichapwa shuleni kwa ajili ya tatu ya bapa, akarudi analia, Baba akaenda kuzungumza na mwalimu. Waliyozungumza sijui, lakini mwalimu yule naye baadaye alikuwa anaandika tatu ya bapa ubaoni.

Baba alizaliwa hapa hapa Ngamiani, kwenye barabara zetu za namba. Alikuwa akisema mtoto aliyekulia kwenye mtaa ulionyooka hivi, barabara zinapishana kama daftari la hesabu, hana budi kuwa mchora ramani au mlevi. Akiwa kijana akachukuliwa na Reli ya Afrika Mashariki, akapelekwa Nairobi kwenye makao makuu. Huko ndiko alikomwoa Mama, binti wa Likoni, na huko tukazaliwa mimi na dada.

Mwaka 1977 mnaujua. Februari mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, kufika katikati ya mwaka Jumuiya ya Afrika Mashariki imekufa, na reli iliyokuwa moja ikagawanywa. Baba akarudi na mke, watoto wawili na bomba la bati. Yeye akapangiwa Dar es Salaam, sisi tukawekwa hapa kwa Bibi mzaa baba. Kila mwisho wa mwezi alikuja na treni, akipita ile njia ya kutoka Ruvu hadi Mnyusi, akifika ameshahesabu makalvati yote, yale mapitio ya maji chini ya reli.

Mama ndiye aliyeumia. Kutoka hapa hadi Likoni ni mwendo ambao leo kijana anaumaliza na kurudi siku hiyo hiyo. Wakati ule mpakani Horohoro palifungwa, na mama yake yuko upande wa pili. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Hesabuni wenyewe. Ndani ya miaka hiyo walizaliwa wadogo zangu watatu, na bibi yao hakumbeba hata mmoja akiwa mchanga.

Usiku mmoja, mimi nina miaka saba au minane, Mama alikuwa anatuhadithia nyumba ya kwao. Ukumbi uko hivi, chumba cha babu hiki, jiko kule. Dada akauliza, "Mlango wa uani unafungukia wapi?" Mama akanyamaza. Alikuwa amesahau. Akaanza kulia, si kwa sauti, machozi yanatiririka tu huku anaendelea kupeta mchele.

Baba hakusema neno. Akaenda kuleta ubao wake, akaubandika juu ya meza ya chakula, akatandaza karatasi, akaipaka poda. Kisha akaanza kumwuliza, taratibu, kama anavyouliza mpimaji. Ukisimama mlangoni, kitanda cha baba yako kiko kulia au kushoto? Ulikuwa unahesabu hatua ngapi hadi kisimani? Hatua za mtoto au za mtu mzima? Jua la asubuhi liliingia dirisha gani? Wakaendelea hivyo hadi taa ya kandili ikaanza kutoa moshi. Asubuhi tulikuta nyumba ya Likoni iko mezani, kuta, milango, kibaraza, hata mtungi wa maji pembeni mwa ukumbi.

Mama akainama, akaiangalia sana. Halafu akacheka, kicheko ambacho tulikuwa hatujakisikia muda mrefu, akasema, "Kisima umekiweka upande wa msikiti. Kisima kiko kwenye mwembe!"

Hapo ndipo nilipoona kazi ya baba yangu kwa mara ya kwanza. Akachukua wembe, akaukata nusu. Akausimamisha wima, akaukwangua wino bila kuukandamiza, ukawa unatoka kama vumbi la mkaa. Ukikandamiza, karatasi inatoboka. Akapuliza. Kisha akapasugua kwa ukucha wa kidole gumba mpaka pakalainika, kwa sababu ukichora juu ya pale palipokwaruzwa kabla hujapalainisha, wino unasambaa kama mizizi. Akahamisha kisima. Kule chini kulia, kwenye kile kisanduku ambacho wazee wa reli mnakijua, palipoandikwa IMEKAGULIWA NA, akampa Mama kalamu. Mama akatia sahihi.

Mpaka ulipofunguliwa tulikwenda wote saba. Bibi alikuwa hai, alhamdulillahi. Vilio, vigelegele, watoto wanapokezanwa. Na katikati ya hayo yote Baba akatoa futi mfukoni akaanza kupima ukumbi. Bibi akamtazama: "Mkwe wangu, miaka yote hii hukunijulia hali, leo waja na futi?" Baba akasema, "Mama, nakagua." Alikuwa amekosea sentimita kumi na tano kwenye ukumbi, na mlango wa uani kweli ulikuwa unafungukia ndani. Ramani ile alimwachia Bibi. Ilitundikwa Likoni hadi mvua ilipoila.

Kuanzia siku ile hakuna mchoro wa nyumbani uliokwisha bila Mama kuukagua. Hakusoma ramani popote. Lakini alijua sufuria kubwa haliwezi kupita mlango gani, na mchoro wa Baba ulimsubiri yeye.

Miaka ile ya themanini, vijana msioijua muulize, nguo ilikuwa ya kupanga foleni. Ofisini kwao walikuwa wanatupa michoro ya zamani sana, ya tangu enzi za mkoloni, iliyochorwa juu ya kitambaa chembamba kilichokazwa kwa wanga hadi kikaonyesha kama kioo. Baba aliomba kibali, akapewa ile iliyokwisha kazi. Mama aliichemsha na sabuni ya mbuni, wanga ukatoka, kikabaki kitambaa cheupe laini kuliko chochote kilichokuwa dukani. Akashona leso, akashona vinguo vya watoto, mimi nikapata kanzu ya Idi. Wino haukutoka wote. Ukiniweka mbele ya jua ulikuwa unaona kivuli cha daraja mgongoni mwangu. Wenzangu walivaa mitumba, mimi nimevaa reli.

Sasa turudi kwenye karatasi hii. Juu ya kisanduku kuna jedwali la marekebisho. Kila ukibadilisha kitu unaweka herufi, tarehe, na kilichobadilika. Ofisini jedwali hilo huwa kavu: kalvati limesogezwa, basi. Baba hapa nyumbani aliongeza safu moja ambayo sijaiona kwenye saiti yoyote niliyofanya kazi, na nimefanya nyingi. Safu inaitwa SABABU. Nawasomea:

A. Chumba cha tatu kimeongezwa. Sababu: mtoto.

B. Bafu limetenganishwa na choo. Sababu: mabinti wamekua.

C. Rafu ya ukumbini imeondolewa. Sababu: imemwangukia paka.

D mpaka F ni mambo ya bati na maji, nayapita. G ni yangu, na ni aibu.

Nilipomaliza ufundi, nilimwomba Baba aniache niweke umeme wa nyumba hii upya. Akanichorea. Swichi hapa, soketi hapa, paipu ya waya ipite hivi, inyooke, ikate kona. Mimi nikajiona nimesoma. Nikakata njia ya mkato, nikaipitisha paipu mshazari ndani ya ukuta wa chumba chake, nikaokoa mita mbili za waya, nikapiga lipu, taa zikawaka, nikalipwa. Miezi miwili baadaye Baba anatundika saa ukutani, anagonga msumari mahali ambapo ramani inasema hakuna kitu. Alinusurika. Bisibisi yangu ya kupimia umeme ilikuwa bado inawaka pale nilipougusa nayo ule msumari.

Hakunifokea. Alinikalisha, akasema, "Ramani yangu umeifanya iseme uongo. Ama uitoe paipu uirudishe mahali pake, ama uirekebishe ramani. Nyumba na karatasi haziwezi kulala na maneno mawili." Nikachagua karatasi kwa uvivu. Akanipa nusu ya wembe. Nikakwangua dakika arobaini, mistari mitano tu, jasho linanitoka, na mliokaa karibu mnaona hapa pembeni pametoboka, pamezibwa na gundi. Huo ndio mkono wangu. Sababu ameandika: kijana ana haraka.

Juzi nimeihamisha ile paipu. Miaka zaidi ya ishirini, nimeona bora niirudishe alipoichora.

Alistaafu, akarudi Tanga moja kwa moja. Kompyuta zilikuwa zimeanza kuingia. Mjukuu alimwonyesha mchoro kwenye laptopu, akamwambia humu babu tunachora kwa kipimo halisi, mita moja ni mita moja. Baba akaiangalia skrini, akauliza, "Na karatasi inaishia wapi?" Mjukuu akasema haiishi. Usiku kucha mzee hakulala, anawaza karatasi isiyoisha.

Reli hakuiacha. Watoto wengine walijifunza kuhesabu kwa visoda, sisi wanawe tulijifunza kwa upana wa reli. Reli ya kati na hii yetu ya Tanga, mita moja kamili kutoka chuma hadi chuma. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia waliyoijenga na Wachina kuanzia 1970 hadi 1975, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67. Alikuwa akituonyesha vidole vinne vimebanwa pamoja: "Hivi tu. Hivi tu, na behewa la huku haliwezi kwenda kule." SGR, hii reli mpya ya kisasa, ilipoanza kubeba abiria mwaka 2024, hakutulia mpaka tulipompandisha kwenda Dodoma. Milimita 1,435, alijua kabla ya dereva. Alivaa suti. Ndani ya behewa akatoa futi akapima nafasi ya miguu, jirani akadhani ni mkaguzi akakaa vizuri.

H na I ni vyumba vya wajukuu. Nije kwenye J.

Mama alipopata kiharusi upande wa kulia, tulikuwa tunambeba. Vijana tupo, nguvu tunazo, hatukuona tatizo. Baba aliona. Mama alikuwa anafumba macho kila tukimnyanyua, kwa aibu. Siku ya tatu mzee akatoa ubao. Mlango wa chumba ulikuwa sentimita 75, akaufanya 90. Ngazi za uani zilikuwa na kimo cha sentimita 45, na mteremko wa kiti cha magurudumu kila sentimita moja ya kupanda inataka kumi na mbili za kwenda, kwa hiyo zinahitajika mita tano na sentimita arobaini. Uani kwetu hakuna mita hizo kwa mstari mmoja. Na katikati upo mpera, na chini ya mpera Bibi mzaa baba alizika vitovu vya wadogo zangu watatu. Mafundi wakasema kata mpera. Baba akawaambia nendeni mkanywe chai. Waliporudi alikuwa ameuzungusha mteremko kuuzunguka mti, na kona akaipa upana wa kutosha kiti kigeuke bila kugonga.

Vile vitovu vimo kwenye ramani. Nukta tatu chini ya mpera, na herufi ya kila mmoja. Mimi na dada vyetu viko Nairobi. Kwa hiyo pembeni kushoto, juu, kuna mshale mdogo unaotoka nje ya fremu, na maneno: wawili, Nairobi. Miaka mingi nilidhani ule ni mshale wa kaskazini umechorwa vibaya.

J. Mlango na mteremko. Sababu: asitoke kwa kubebwa. Imekaguliwa na: Mama. Ametia sahihi kwa mkono wa kushoto, imepindapinda kama barabara ya Mombo kwenda Lushoto. Miaka minne kila alasiri Baba alimshusha kwa mteremko ule, akamzungusha mpera, wakakaa.

Herufi ya mwisho ni K. Ni ya baada ya Mama kututangulia. Aliniita mimi nimhamishie swichi ya taa ya uani niiweke chumbani, karibu na kitanda. Sababu: kuona mteremko usiku. Kazi ya nusu saa. Nilipomaliza alikuwa ameshaandika kwenye jedwali kwa kalamu ya njano, mkono unatetemeka kidogo lakini tatu ya tarehe bado bapa. Nikamwambia, "Baba, umesahau kisanduku cha kukagua."

Akasema, "Sijasahau."

Wiki mbili zilizopita bomba la maji lilipasuka chini ya ardhi hapa uani. Fundi wa mtaa akataka kuchimba mtaro mzima. Mdogo wangu akaleta ramani, akasoma: mita moja na sentimita ishirini kutoka ukuta wa jiko, kina cha futi mbili. Jembe lilipiga mara sita tukalifikia.

Pilau limeiva, nasikia harufu. Karatasi naiweka kwenye meza ya ukumbini, mtu yeyote aje aiangalie, wazee wa reli muanze ninyi. Ila naomba muione kabla ya kula. Aliyekwisha kula asubiri mpaka mikono ikauke.